Msiba wa Basi la Goroka

Nianze na manyoya, maana bila manyoya mimi nisingeenda kukaa kwenye vumbi la mji wa Hagen siku tatu nzima nimejipaka udongo kama mfiwa. Watu wanasema Dokas ni mgomvi. Si mgomvi. Mimi nikidai changu sipigi kelele, nakaa tu mpaka mwenye kudaiwa achoke kuniona.

Manyoya yenyewe ni ya kaka yangu Rafaeli. Alirithi kwa baba, manane, meusi, marefu kama mkono, ya mkia wa yule ndege ambaye siku hizi huwezi kumwona mpaka upande msituni siku mbili. Anayahifadhi ndani ya mianzi juu ya jiko, moshi uwafukuze wadudu. Miaka mitatu nyuma mashemeji zangu waliyaazima, wakayarudisha na moja limevunjika katikati. Rafaeli akaapa kwamba hayatatoka tena nyumbani kwake.

Kundi letu la akina mama, watu ishirini na nne, lilipopata nafasi ya kucheza kwenye maonyesho ya ngoma mjini Goroka, mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza mstari. Sasa mtu aongoze mstari kichwani ana nini, manyoya ya kuku? Nikaenda kwa Rafaeli.

"Kaka, nimekuja kuomba."

"Kama ni manyoya, rudi."

"Ndiyo manyoya."

"Mlivunja moja."

"Sikuvunja mimi."

"Uliolewa nao."

Nilikaa kwake tangu asubuhi mpaka jioni. Nikamsaidia mkewe Monika kupalilia, nikachoma viazi, nikanyamaza. Jioni Rafaeli akashusha mianzi. Akaniambia kuna kundi jingine, watu wa upande wa Monika, waliomwomba manyoya hayo hayo wiki iliyopita, akawanyima. "Sasa nawatia aibu wao kwa ajili yako," akasema. "Jumatatu baada ya maonyesho yarudi. Na yarudi na nguruwe. Nguruwe mwenye miguu minne na masikio mawili, sio maneno."

Kwetu manyoya ya kuazima hayarudi peke yake, hilo nalijua tangu nanyonya. Na kwenye maonyesho kila kundi linalocheza hulipwa, kwa hiyo nguruwe nilishamwona. Mdomo wangu ukaniponza. Nikamwambia: "Nisipomleta, kaka, nisikanyage tena hapa."

"Haya," akasema. Ndivyo alivyo. Nilimuuliza kama atakuja kututazama, akacheka puani. Akasema maonyesho ni ya watalii na walevi, yeye ana mtaro wa kuchimba.

Basi tulilikodi kwa kampuni moja ya pale mjini, Nyota ya Bonde. Tulilipa nauli yote wiki mbili kabla, pesa ya mwaka mzima ya karanga na popoo na mifuko tuliyosuka mpaka vidole vikaota sugu. Meneja, Bwana Kaspa, mtu wa shati la maua na kalamu mbili mfukoni, alitupa risiti na kutushika mkono mmoja mmoja. Basi jeupe litakuja Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, hapo hapo barabarani kwenye njia ya kijijini kwetu. Kule Goroka vikundi vinaandikishwa mwisho saa tano. Ukichelewa, utacheza na mbuzi.

Saa kumi na moja tulikuwa barabarani. Tulikuwa tumeshapakana mafuta ya nguruwe, na nyuso zimechorwa nyekundu na nyeupe, kwa sababu kule tusingepata muda. Manyoya yangu yalikuwa bado ndani ya mianzi, nimeyapakata. Tulikuwa na furaha ya kijinga, tunataniana, Agata anaiga sauti ya mtangazaji: "Na sasa, mabibi na mabwana, warembo wa Hagen, msiwasogelee, wanaume!"

Kukapambazuka. Malori ya kahawa yakapita. Kila basi lililotokea kwenye kona tulisimama wote, tukakaa wote. Nilipiga simu ya Bwana Kaspa, imezimwa. Saa mbili nikapiga, imezimwa. Saa tatu tulisimamisha mabasi mengine, yamejaa, na nani atapakia wanawake ishirini na nne wanaonuka mafuta na ngoma zao? Saa nne jua likaanza kupasua rangi usoni. Watoto wa shule ya Jumamosi wakapita wakatuuliza tunamngoja nani. Saa tano Agata alikaa chini, akachukua majani, akaanza kujifuta. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, maana mimi ndiye niliyewapeleka kwenye kampuni ile.

Jumatatu ilikuwa siku ya kurudisha manyoya. Sikwenda kwa Rafaeli. Nilikwenda mjini.

"Mama, pole sana," Bwana Kaspa akaniambia. Alikuwa anakunywa chai. "Injini. Ilizima Ijumaa jioni, fundi akalala chini yake siku mbili."

"Na simu nayo ilikuwa injini?"

"Simu iliishiwa chaji."

"Sawa. Nirudishie nauli, na juu yake kitu cha kutupoza. Tumepoteza malipo ya maonyesho, na nina manyoya ya watu nyumbani."

Akageuza risiti yangu, akanionyesha maandishi madogo nyuma. Nauli hairudishwi. Kampuni haitawajibika kwa ucheleweshaji.

"Hamkuchelewa," nikamwambia. "Hamkufika kabisa."

"Mama, tusigombane. Nitawapa safari ile ile. Jumamosi hii basi lipo, bure."

"Jumamosi hii Goroka kuna nini?"

"Goroka yenyewe si ipo?"

Nilimtazama nikadhani anatania. Hatanii. Nikauliza basi mtu akiwa na dai na kampuni anakwenda wapi. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba ofisi inayoshughulika na mambo hayo iko Moresby, mji mkuu. Moresby! Barabara ya kutoka kwetu kwenda Moresby haijapata kuchimbwa, labda uwe ndege. Yaani ili nimshitaki mtu aliyeninyima basi, kwanza ninunue tiketi ya ndege. Nilirudi kijijini, hakimu wetu wa kijiji akamwandikia Bwana Kaspa barua ya kumwita. Barua ikapokelewa, ikapigwa mhuri, ikaishia hapo.

Wiki mbili zikapita. Rafaeli hakuleta hata salamu. Afadhali angenitukana. Nilikuwa napita njia ya mbali nikienda sokoni ili nisikutane na Monika. Usiku mianzi ile ilikuwa juu ya jiko langu, naitazama, inanitazama. Niliogopa, nisiseme uongo. Ndugu mwingine sina, na nilikuwa nimeufunga mlango wake kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wazo la msiba lilikuwa la Agata. Tulikuwa mtoni tunafua.

"Safari yetu imekufa au haikufa?" akauliza.

"Imekufa."

"Na mtu akifiwa anafanyaje?"

Jumatano iliyofuata tukashuka mjini wote ishirini na nne. Tulijipaka udongo wa manjano kuanzia utosini mpaka miguuni, tukavaa nguo chakavu, tukakaa mlangoni kwa Nyota ya Bonde, tukalia. Kulia kwetu si kwikwi. Tulitoa sauti ya matanga yenyewe, ile ya kusimamisha nywele. Tulililia basi, tukazililia karanga zetu, tukaitaja Goroka kwa jina kama mama anavyomtaja mtoto.

Mzee mmoja alikuwa amepanda tayari basi la Kundiawa. Akatoa kichwa dirishani. "Jamani poleni! Wamekufa wangapi?"

"Ishirini na nne!" Agata akajibu.

"Agata!" nikamfinya.

"Si tulikuwa ishirini na nne?"

Mzee akateremka na mfuko wake. Wakateremka na wenzake. Nani atapanda gari la kampuni iliyoua watu ishirini na nne, na wafiwa wako mlangoni, na barabarani labda ndugu zao wanangoja na mapanga? Dereva mmoja alitokea mlango wa nyuma, akakimbia moja kwa moja kituo cha polisi kujificha, kama wafanyavyo madereva wetu wote basi likigonga mtu. Nilitakiwa nisimame nieleze. Sikusimama. Nililia tena kwa nguvu zaidi, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bwana Kaspa akatoka mbio. "Mnanifukuzia abiria!"

"Sisi tunalia tu," nikasema. "Kulia kumekatazwa?"

Aliita polisi. Wakaja wawili, mmoja ana daftari. Akachutama mbele yangu kwa heshima akauliza jina la marehemu.

"Safari ya Goroka," nikamwambia.

Akaandika. Kisha akasoma alichoandika, akamtazama mwenzake, wakaingia kwa Bwana Kaspa wakakaa dakika kumi. Walipotoka walisema kulia si kosa la jinai, ila tusizibe njia. Tukasogea hatua mbili.

Siku ya pili hakuna basi la Nyota ya Bonde lililoondoka na watu zaidi ya watatu. Siku ya tatu, mchana, nikawaona wanakuja.

Walikuwa watu kama thelathini, wanatembea kimya katikati ya barabara, vichwa chini, wamejipaka udongo na wao. Mbele kulikuwa na mama mzee anamvuta nguruwe kwa kamba, jike mkubwa, mnono, masikio yanapepea. Nyuma wanaume wana nguruwe wengine wawili, na mti mrefu uliobandikwa noti za kina, pesa yetu. Nikaelewa kabla hawajafika. Walikuwa wameleta cha kupoza. Unaua mtu, unaleta cha kupoza kabla ndugu zake hawajachoma nyumba zako.

Mama yule akanipigia magoti pale kwenye vumbi. Jina lake Nombri.

"Mimi ni mama yake Yakob, dereva wa basi jeupe," akasema. "Tangu juzi mwanangu yuko msituni. Hakusema kitu, kasikia tu basi lake limeua, kakimbia. Sijui amemuua nani wenu. Mpokee hawa kwanza, na wengine tunatafuta. Msituchomee nyumba, mama. Nina wajukuu."

Akanipa kamba mkononi.

Nilimtazama yule nguruwe. Miguu minne, masikio mawili, na mafuta mgongoni. Ningeondoka naye saa ile ile, jioni ningekuwa kwa Rafaeli. Agata akaninong'oneza, "Pokea kwanza, tutaeleza baadaye." Kamba ilikuwa mkononi mwangu na vidole havikutaka kuiachia. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyomtamani nguruwe yule, na sijawahi kujiona mchafu kama siku ile, na si kwa sababu ya udongo.

"Mama, inuka," nikasema. "Hakuna aliyekufa."

"Nini?"

"Hakuna mtu aliyekufa. Mwanao hajaua mtu."

"Mnamlilia nani sasa?"

"Safari. Basi halikuja kutuchukua."

Bi Nombri akainuka taratibu, akajipangusa magoti, akanipiga kofi. Kofi hilo nililisikia mpaka kwenye meno. Hakuna mwenzangu aliyenyanyuka kunitetea, hata Agata, na walifanya vizuri.

"Siku tatu!" akapiga kelele. "Siku tatu nalia, nauza vitu, nakopa nguruwe kwa watu! Lini hiyo, basi halikuja?"

"Jumamosi ya maonyesho. Liliharibika injini."

"Injini ya nani? Jumamosi ile mwanangu aliendesha siku nzima! Aliwapeleka watu wa mahari mjini Banz, waliolipa mara mbili, akarudi ameshiba nyama. Hakugonga hata kuku!"

"Basi lipi?"

"Si hili hili jeupe!"

Watu wote hamsini na kitu tukageuka kutazama mlango. Bwana Kaspa alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai. Akaingia ndani. Tukasikia komeo.

Bi Nombri akamfunga nguruwe wake kwenye nguzo ya ofisi, akakaa karibu nami, mkono ule ule ulionipiga ukanigusa goti. "Sogea," akasema. "Na mimi nina langu la kudai. Hofu ya siku tatu nani atanilipa?" Wajomba wa Yakob nao wakakaa, na mti wao wa noti wakausimika mbele ya dirisha.

Kesho yake asubuhi komeo likafunguliwa. Bwana Kaspa alikuwa ameongea na mwenye kampuni kwa simu usiku kucha, macho mekundu. Walirudisha nauli yetu yote. Juu yake wakalipa kiasi cha kutosha kununua nguruwe wawili wazuri na kugawana kinachobaki, na kwa Bi Nombri wakatoa nguruwe mmoja na neno la kwamba Yakob atarudi kazini bila kukatwa siku. Kukawa na karatasi ya kutia saini. Niliisoma mara mbili. Ilisema mimi na watu wangu wote tumelipwa kikamilifu na hatuna dai lingine juu ya safari hiyo. Nikatia saini, Agata akatia, Bi Nombri akatia dole gumba. Tukaenda kuoga mtoni, na maji yakawa manjano mpaka kwenye daraja.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Rafaeli, mianzi kwapani, nguruwe kwenye kamba. Njia nzima nilikuwa naimba. Nilifika uwanjani kwake kwa kichwa juu, kama mtu aliyetimiza neno lake, na nilikuwa nimelitimiza, hata kama nimechelewa majuma matatu.

Rafaeli alinawa mikono. Akafungua mianzi, akayatoa manyoya moja moja, akayaangalia kwenye mwanga, akayanusa. Manane, pamoja na lile lililovunjika. Hayakuwa na jasho la mtu wala mafuta.

"Yako sawa," akasema. Akamtazama nguruwe. "Mfunge pale." Kisha akachukua koleo, akarudi kwenye mtaro wake.

"Ndivyo alivyo," nikamwambia Monika, nacheka. Nilikuwa najisikia mwepesi. Nikamsimulia yote, basi, msiba, polisi na daftari lake, kofi. Monika akacheka mpaka akajifuta machozi. Akanipa viazi. Nikamwambia sasa kilichobaki ni kumtia adabu mume wake, maana dada yake amehangaika hivi, hata pole hajampa.

Monika akaacha kucheka. "Kumbe hakukwambia."

"Aniambie nini?"

"Alikwenda."

"Wapi?"

"Goroka. Aliondoka Ijumaa kwa lori la kahawa, akalala kituoni. Jumamosi akalipa kiingilio. Mimi mwenyewe aliniambia anakwenda kununua mbegu. Nimejua juzi, kwa kaka yangu aliyekuwa kule."

Nikakiweka kiazi chini. Niliondoka nikaenda mtaroni. Alikuwa ndani mpaka kiunoni, anatupa udongo juu, hakuinua uso.

"Kaka, ulikuwa Goroka."

Koleo likasimama kidogo, likaendelea. "Monika hana siri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ili iweje? Ungenirudishia siku?"

"Ulikaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka walipokuwa wanakunja kamba za uwanja."

Alitupa koleo mbili, tatu. Nilidhani amemaliza. Kisha akaegemea mpini, bado hanitazami, akawa anautazama ule udongo uliolowa.

"Vikundi vyote vilipita," akasema. "Kuna mmoja alivaa manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi, watu wakampigia makofi. Nilikuwa nimeshika uzio. Nikawaambia walio karibu yangu, ngojeni kidogo, bado. Dada yangu yuko njiani."